Damu Puani: Vile Nilifuata Wimbo Mmoja wa Kantri Mpaka 1684

(Haya niliyaongea kwenye kikao chetu cha wapenzi wa santuri, na kwa vile wengi mlizuiwa na mvua nimeyaandika vile yalitoka mdomoni, nimetoa tu mahali nilikohoa na mahali stima ilipotea.)

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliojificha huko nyuma karibu na birika la chai, hamjambo.

Niliombwa niongee dakika 20 kuhusu wimbo mmoja ninaoupenda, na najua Mwenyekiti alikuwa anangojea Jim Reeves, manake hapa kwetu ukitaja kantri mtu anaskia Jim Reeves. Samahani sana. Leo nimekuja na mauaji.

Wengi wenu mna ile LP ya Louvin Brothers ya 1956, na kama hamna basi mmeskia Knoxville Girl kwa mtu mwingine. Ndugu wawili, Charlie na Ira, sauti moja juu nyingine chini, zimeingiana kama maziwa na chai. Mimi niliuskia mara ya kwanza kwa mjomba wangu, Jumapili jioni, redio iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kusuka, na kila ukipigwa mjomba alikuwa anamvuta mkewe kutoka jikoni wanacheza polepole pale sebuleni, mke bado ameshika mwiko. Niko darasa la sita, Kiingereza changu ni kile cha kuomba ruhusa kwenda choo. Nikajua huu ni wimbo wa mapenzi na sikuuliza zaidi.

Alafu nikafika kidato cha pili, siku moja nikakaa nikayaskiza maneno.

Kijana anaitwa Willie. Amepata msichana, kila Jumapili jioni yuko kwao. Wanatoka kutembea, kama maili moja hivi nje ya mji, na hapo hapo, bila ugomvi, bila hata neno, anaokota fimbo chini anamwangusha nayo. Msichana anapiga magoti, anamwomba asimuue, anasema hajajiandaa kufa. Anampiga zaidi. Anamburuta kwa nywele, anamtupa mtoni. Anafika nyumbani usiku wa manane, mama anaamka ameshtuka, mwanangu umefanya nini mbona nguo zina damu hivi, naye anamjibu mamake kwamba ametokwa na damu puani. Anaitisha mshumaa akalale. Usiku mzima anagaragara, anaona ndimi za moto wa jehanamu zimezunguka kitanda. Mwisho yuko jela. Basi. Beti sita, gitaa, wimbo umeisha, na mjomba bado amemshika mkewe kiunoni.

Nilimweleza mjomba. Akanyamaza kidogo akasema, "Wewe wacha kuskiza maneno, skiza sauti."

Sikuweza. Na sio mauaji yalionisumbua, kantri imejaa mauaji, ukitoa maiti zote kwenye kantri unabaki na farasi na pombe. Kilichonisumbua ni sababu. Amemuua kwa nini? Wimbo hausemi. Hakuna wivu, hakuna deni, hakuna mwanaume mwingine. Alafu cha pili ni ile pua. Hio pua ilinikaa kichwani miaka, kwa sababu uongo wa aina hio huwezi kuutunga umekaa tu umestarehe, ni uongo wa mtu aliyeshikwa ghafla mlangoni na hana lingine la kusema. Nikawa naangalia rekodi moja baada ya nyingine nione nani ameutunga, na mahali pa jina la mtunzi mara nyingi unakuta neno moja tu, kwamba ni wa jadi.

Jadi ya nani sasa? Hapa kwetu ukiniambia wimbo ni wa jadi nitakuuliza ni wa tohara, wa mavuno ama wa kubembeleza mtoto, na utanionyesha nyanya anayeujua. Jadi ya Knoxville ni gani? Mji wenyewe kule Tennessee ulianzishwa 1791. Kwa miji ya dunia huyo ni mtoto.

Ndio nikaingia kwenye makaratasi, na ndio nataka kuwapeleka huko.

Uingereza, kuanzia miaka ya 1500 mpaka karibu mwisho wa miaka ya 1800, wimbo ulikuwa unauzwa kwa karatasi. Karatasi moja, imechapwa upande mmoja, wao wanaiita brodsaidi. Juu kuna kichwa kirefu kama mkia wa nyani kinachokueleza hadithi yote kabla hujaanza kusoma, chini yake picha iliyochongwa kwenye mbao, alafu beti, na mahali pa noti za muziki hakuna noti, kumeandikwa tu uimbwe kwa sauti ya wimbo fulani ambao watu walishaujua. Bei ni peni moja, baadaye hata nusu peni. Muuzaji anasimama sokoni ama penye kunyongwa mtu, anaimba mwenyewe, watu wakikusanyika anauza. Mmewaona wale jamaa wa kwenye basi wanaouza kijitabu cha dawa za mitishamba, anaongea kutoka stendi mpaka junction ya kwanza bila kuvuta pumzi? Huyo huyo, mpe tu sauti ya kuimba. Na zile picha za mbao zilikuwa zinatumika tena na tena, bibi harusi wa leo kesho ni malkia, keshokutwa ni mchawi, mchapaji hana haja, mbao ni yake na imelipiwa.

Wasomi wakubwa walizidharau sana karatasi hizi. Francis James Child, profesa wa Harvard, yule aliyekusanya zile balladi 305, yaani nyimbo za kusimulia hadithi, ambazo mpaka leo watu wanaziita kwa namba zake, mwaka 1872 alimwandikia mwenzake wa Denmark kwamba brodsaidi ni majaa ya samadi, unachakura mpaka unataka kutapika ndio upate kito kimoja cha wastani. Wimbo wetu hakuuweka kwenye 305 zake. Kwa hivyo mimi leo nawaletea kitu kutoka jaani, na sioni aibu yoyote, kuku wote wazuri nimewala walichakura jaani.

Sasa unafuataje wimbo unaobadilisha jina kila ukivuka mto? Kuna mzee mmoja Mwingereza, Steve Roud, alikuwa mkutubi kule Croydon, kusini ya London, akaanza kuzipa nyimbo namba. Wimbo mmoja namba moja, haijalishi unaitwaje wala umeimbwa wapi. Ni kama kitambulisho: ukibadilisha jina, ukahama kaunti, ukaolewa, namba ni ile ile. Knoxville Girl ni namba 263. Na ukiingia chini ya hio namba unakutana na ukoo mzima: Wexford Girl, Oxford Girl, Waxweed Girl, kuna mwingine ameimba Expert Town, ati mji unaitwa Expert. Harry Cox, mfanyakazi wa mashamba kule Norfolk, yeye alikuwa anaimba Ekefield. Ukiyasema haya majina kwa mdomo, haraka haraka, unaona kilichotokea. Oxford, Wexford, Waxweed, Expert. Mtu ameuskia kwa mtu aliyeuskia kwa mtu.

Hapo ndipo nilianguka mara ya kwanza, na kuna watu humu ndani wanakumbuka kwa sababu mwaka jana nilisimama hapa hapa nikawaambia kwa kifua mbele kwamba wimbo ni wa Ireland. Wexford si iko Ireland? Nikaona nimefika. Nilikuwa nimeamini jina la mji, na kwenye hizi nyimbo kitu cha mwisho kabisa cha kuamini ni jina la mji. Mji ni kama lebo ya bei, unabandua unabandika. Kule Missouri mwaka 1892 msichana mmoja aliuawa, watu wa hapo wakauchukua wimbo huu huu, fimbo ile ile, pua ile ile, wakaubandika jina la ukoo wake, Noel, na mtu akiuskia atakuapia kwamba umetungwa kwa ajili yake.

Kwa hivyo nikaacha miji nikafuata karatasi. Na karatasi, tofauti na mdomo, ina anwani. Chini kabisa kwa herufi ndogo mchapaji ameandika jina lake na mtaa wake, na kwa vile wachapaji walikuwa wanahama, unaweza kukadiria mwaka hata kama haujaandikwa. Mfano ni John Pitts wa Seven Dials, mtaa wa kimaskini katikati ya London uliokuwa kama Gikomba ya nyimbo: ukiona namba 14 Great St Andrew Street, ujue ni kabla ya 1819, ukiona namba 6 ujue alishahama. Mshindani wake James Catnach alifungua duka hapo jirani mwaka 1813 na hao wawili walichukiana kweli kweli, kila mmoja anaiba nyimbo za mwenzake usiku kesho yake anauza. Haki ya mtunzi? Mtunzi alikuwa analipwa shilingi moja, basi, wimbo si wake tena. Karatasi za mtu mmoja aliyenyongwa mwaka 1828, William Corder, inasemekana Catnach aliuza zaidi ya milioni moja. Na maungamo ya mtu wa kunyongwa mara nyingi yalikuwa yanachapwa mapema, ili akining'inia tu muuzaji ameshaanza kuimba majuto yake. Marehemu hajui amejuta vipi.

Hizi zote leo unaziona bila kutoka nyumbani. Maktaba ya Bodleian kule Oxford wameskani karibu 30,000, na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara tangu 2003 wanaweka zile za zamani zaidi, na nyingine zimeimbwa kabisa unaskia. Mimi nilikuwa nakaa na simu saa tano usiku, bando linaisha, naongeza. Lakini niwape onyo, kabla ya 1800 hivi herufi s ya Kiingereza ilikuwa inaandikwa ndefu inafanana na f, na mimi kwa siku mbili nzima nilikuwa nasoma f kila mahali, nikadhani watu wa zamani walikuwa na shida ya meno.

Haya, tuteremke ngazi.

Rekodi za kwanza za Knoxville Girl ni za miaka ya 1920, wanamuziki wa kusini mwa Marekani. Nyuma kidogo, 1916 mpaka 1918, Cecil Sharp na Maud Karpeles, Waingereza, wanatembea milima ya Appalachia na daftari wanaandika nyimbo za wenyeji, na wimbo huu wanaupata huko, jina limebaki na Oxford ndani. Nyuma zaidi, Boston, karibu 1830, mchapaji anaitwa Deming anauza karatasi ya Lexington Miller, yaani msagaji wa Lexington. Mmeskia hapo? Msagaji. Kwenye Knoxville Girl kijana hana kazi, lakini kila ukirudi nyuma unamkuta kwenye kinu, ni kijana wa kinu cha unga. Unga umepukutika njiani.

Wakati huo huo London, Pitts na wenzake wanauza The Cruel Miller. Mwembamba. Na huu wembamba ndio nataka mkae nao kidogo, kwa sababu mimi naona hapa ndipo wimbo wetu ulizaliwa, sio kwenye mauaji yenyewe.

Miaka ya mwanzo ya 1800 wachapaji walikuwa wanapanga nyimbo mbili kando kando kwenye karatasi moja wanakata katikati kwa mkasi, unapata vipande viwili virefu vyembamba, kimoja peni. Kulikuwa mpaka na wauzaji wanabeba fito ndefu zimebandikwa nyimbo kutoka juu mpaka chini, wanapiga kelele, yadi 3 kwa peni! Nyimbo kwa yadi, kama kitambaa cha pazia. Sasa wimbo wa zamani ulikuwa mrefu, hauingii. Ikabidi ukatwe.

Mrefu kiasi gani? Uliotangulia unaitwa The Berkshire Tragedy, pia Wittam Miller, ni wa nusu ya kwanza ya miaka ya 1700. Beti 44 za mistari minne. Knoxville Girl ukiihesabu kwa kipimo hicho hicho unapata 12. Wittam ni kijiji cha Wytham, kando ya Oxford, na kama unashangaa mauaji ya Oxford yameingiaje Berkshire, kijiji hicho kilikuwa Berkshire mpaka mipaka ilipobadilishwa 1974. Kwenye hizo beti 44 kila kitu kipo. Msichana ana mimba. Mimba ni ya msagaji. Anambembeleza amwoe. Shetani anamwingia, anamtoa nje jioni kama wanaenda kutembea, anachomoa fimbo kwenye ua wa miti. Anamtupa mtoni. Anarudi kwenye kinu, mtumishi wake anashangaa kuona mikono na nguo zina damu, anamuuliza, naye anasema:

Damu puani.

Niliposoma hapo nilisimama. Saa sita na nusu usiku, nimesimama jikoni na simu. Miaka 200 kabla ya Louvin Brothers, bahari katikati, wasagaji wamekufa, wachapaji wamekufa, na pua bado inatoka damu. Na mshumaa upo! Ila huko haitishi mshumaa kwa upole, anaunyakua kutoka mkononi mwa mtumishi anaenda nao kulala bila kusema mengi. Na moto wa jehanamu unamwaka usoni kitandani, upo. Alafu inafuata kesi, dada ya marehemu anatoa ushahidi, kunyongwa, mausia kwa vijana, beti na beti.

Angalieni mkasi ulipopita. Mimba imekwenda. Kwenye The Cruel Miller imebaki ahadi tu, anamwambia twende tutembee tupange siku ya harusi. Kwenye Knoxville hata ahadi haipo. Kesi imekwenda, mausia yamekwenda, kinu kimekwenda, mtumishi amekuwa mama. Lakini pua, mshumaa, moto wa kitandani, fimbo, nywele, mto, hivyo vyote havikuguswa na mkasi, na watu wa milimani waliopokea kipande chembamba wakaendelea kupunguza kwa mdomo, wakaacha vile vile vitu. Yaani kilichobaki ni kile unachoweza kukiona ukifunga macho. Hakuna mtu anayefunga macho akaona ushahidi wa dada mahakamani.

Wapo wanaosema mimba iliondolewa kwa kuona haya, kwamba mwimbaji hawezi kuimba mimba ya nje mbele ya wakwe. Nakubali kidogo. Lakini haya haiondoi kinu, na haya haiondoi hakimu. Mimi nasema ni peni. Mchapaji alikuwa anaokoa karatasi, na bila kujua akatengeneza kitu kinachotisha kuliko cha kwanza, kwa sababu muuaji mwenye sababu unaweza kumweka mbali na wewe, huyu wa Knoxville ambaye anaokota tu fimbo unalala naye chumba kimoja.

(Hapa mama mmoja alinyoosha mkono, na nampa nafasi yake hata kwenye maandishi kwa sababu alinizidi. Alisema, "Mwanangu, hio sababu haijaondolewa popote. Mwanamke yeyote akiskia kijana na msichana wake wametoka jioni na mmoja amerudi peke yake, anajua. Hakuhitaji kuambiwa." Akina mama wengine wakaguna, mmoja akasema ndio. Mimi nilikuwa nimelifuata hili swali tangu kidato cha pili, mama ya watu ameketi na kikombe chake anajua.)

Ngazi ya mwisho.

Samuel Pepys, afisa mkubwa wa jeshi la majini la Uingereza, yule wa shajara maarufu, alikuwa mkusanyaji kama sisi, tofauti ni kwamba alikuwa na pesa. Alikusanya karibu balladi 1,800, akazibandika kwenye vitabu vikubwa vitano, akazipanga kwa makundi, kundi moja ni la majanga, maana yake mauaji, kunyongwa na hukumu za Mungu. Alikufa 1703, na mkusanyo uko Magdalene College, Cambridge mpaka leo. Ndani yake kuna karatasi ya 1684, The Bloody Miller. Kichwa chake nitawapa kwa Kiswahili kwa sababu ni kirefu kuliko wimbo wa Louvin: ni habari ya kweli ya Francis Cooper wa Hocstow karibu na Shrewsbury, mtumishi wa msagaji, aliyekuwa na urafiki na Anne Nicols kwa miaka miwili, akampa mimba, na baba ya msichana alipomsukuma amwoe, akamuua. Uimbwe kwa sauti ya ule wimbo wa kulia kwamba nakufa kwa mapenzi.

Msagaji, mimba, baba anataka ndoa, msichana ameuawa. Wapo wasomi wanaosema hii na ile ya Berkshire ni nyimbo mbili tofauti, maneno hayafanani mstari kwa mstari, na wana haki. Mimi naona ni mtu wa pili aliyekuwa na karatasi ya kwanza mezani, akaandika upya, na kama mmewahi kuona vile mtu anapewa wimbo wa harusi ya jirani autengeneze uwe wa harusi yake mtaelewa namaanisha nini.

Lakini karatasi inaweza kudanganya, si ndio, tumeona vile wanamwandikia mtu majuto kabla hajafa. Nani anajua kama kulikuwa na Anne? Kulikuwa na mchungaji mmoja upande huo wa nchi, Philip Henry, aliyekuwa anaandika shajara. Februari 1684 anaandika kwamba ameskia mauaji karibu na Shrewsbury, mwanamke aliyesema mimba yake ni ya msagaji, msagaji amemuua shambani, na mwili umelala hapo siku nyingi kwa sababu mkaguzi wa vifo hayuko. (Mahali pengine mtaona imeandikwa 1683, msibishane, Waingereza wa wakati huo mwaka wao ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, kwa hivyo Februari yao bado ilikuwa ya mwaka wa jana. Waliacha hayo 1752.)

Shajara haimtaji jina. Karatasi ya peni ndio inamtaja. Ile karatasi ya jaani ya Child, iliyoandikwa na mtu wa njaa kwa ajili ya muuzaji wa barabarani, imeandika Anne Nicols juu kabisa kwenye kichwa, na jina la baba wa mimba, na kijiji. Alafu kila mji wimbo ulipopita ukamvalisha jina la mji: wa Oxford, wa Wexford, wa Lexington, wa Knoxville. Willie ana jina. Yeye ni msichana wa mahali fulani, na shambani kwenyewe wamemhamisha wakampeleka mtoni.

Dakika zangu zimeisha, naona Mwenyekiti ameshika saa. Mzee wa mitambo, weka upande wa kwanza, na tafadhali msiongee mpaka mfike pale mama anapoamka usiku. Mjomba wangu yuko pale mstari wa pili na mkewe, wamekuja na matatu ya saa nane. Sijui kama leo watasimama kucheza.